Tundu Nililoliziba kwa Karatasi

Siku moja naikumbuka kuliko nyingi, mjukuu wangu, wewe unayeanza ufundi wangu. Uhuru ulikuwa bado mchanga, nami kijana wa miaka ishirini na miwili, fundi bomba niliyejiona nimehitimu. Tulikuwa tukijenga nyumba ya wazazi, mahali pa kujifungulia, hapa Kisangani: juu bafu, chini chumba cha akina mama waliojifungua. Mkuu wetu alikuwa Papa Ramazani, mzee wa zile familia za Kiislamu za tangu enzi za misafara ya biashara, mtu wa maneno machache.

Aliniachia kazi moja: kuziba mwanya kati ya bomba la maji machafu na sakafu ya zege, kisha kuujaribu kwa maji siku nzima. Lakini mimi nilitaka kuwahi treni ya Ubundu, nikamwone mchumba wangu (ndiye bibi yako huyu anayecheka). Nikasokomeza karatasi za mifuko ya saruji, nikapaka saruji juu ikang'aa. Sikumwaga maji hata kikombe.

Niliporudi, akina mama walikuwa wamekwisha kuhamia. Papa Ramazani alinishika mkono, akanishusha chini. Dari lilikuwa likidondosha maji ya bafu juu ya kitanda cha mama mmoja. Kichanga cha siku mbili kilikohoa katika blanketi lililolowa.

"Nani alifunga ile tundu?"

Ningeweza kumsingizia mwenzangu aliyekwisha kwenda kwao Yahuma. Lakini mficha uchi hazai.

"Ni miye, Papa. Niliweka makaratasi."

Hakunigombeza. "Bon. Maji haina macho, lakini inaona fasi uliacha wazi. Omba huyu mama pardon, kisha kamata patasi."

Nikamwomba radhi. Mama yule akamfunika mtoto kwa kanga kavu. "Mutoto akipona, nitakusamehe."

Kila asubuhi nilipita kitandani kwake kabla ya kupanda juu. Nilichimbua uchafu wote, nikakwaruza kingo za zege, nikazilowesha. Nikavisha bomba langu bomba pana zaidi, nikalijengea kwa saruji niliyoishindilia tabaka kwa tabaka; katikati ya mabomba mawili nikajaza katani yenye lami, maana bomba hutanuka kwa joto, na saruji tupu hupasuka. Tukazungushia sakafu ya bafu ukingo, tukajaza maji, tukangoja mpaka kesho yake. Chini, pakavu. Juma hilohilo mtoto akaanza kunyonya vizuri, na mama yake akanipa nimpakate.

Miaka ya uasi ilipofika, risasi zikivuma kutoka upande wa Kapalata, wanawake wengi walijificha siku kadhaa katika chumba kile. Bafu la juu lilitumika bila kupumzika. Halikudondoka tone.

Basi, mjukuu wangu, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ziba kwa kitu kinachofaa, jaribu kwa maji kabla hujaondoka, na ukikosea, sema ni wewe, ungali na nafasi ya kurekebisha. Mungu akubarikie mikono yako, na kila atakayelala chini ya kazi yako alale pakavu.