Niliulizwa Malengo Yangu, Nikajibu Mungu Anajua

Tumsifu Yesu Kristo, na kwa msio Wakatoliki, habari za humu. Admini, jina langu liache pembeni, Sumbawanga ni ndogo. Mimi ni mama wa miaka arobaini na tisa, mjane, naishi Katandala. Niliishia darasa la saba, kwa hiyo mtanivumilia.

Sijawahi kukaa chini nikapanga niwe nani. Nilienda Kaengesa kuwapikia masista, nikakuta cherehani imekaa bure, nikaanza kushona viraka. Sista mmoja akaona, akaniambia, "Wewe mikono yako ina akili." Nikajikuta nashona nguo za misa za mapadri, halafu nikaitwa kufundisha mabinti kwenye kituo kimoja cha ushonaji hapa mjini. Miaka kumi na sita. Kila asubuhi nilisali, Bwana nionyeshe cha leo, na cha leo kilionekana.

Mwaka huu wakatangaza nafasi ya mkuu wa ushonaji. Tukaomba wawili, mimi na Oliva (si jina lake), mtoto wangu wa ubatizo, niliyemfundisha hata kushika mkasi. Jioni ya kuamkia usaili alikuja kwangu, nikiwa nachambua maharage.

"Mama, wakiniuliza malengo nitasema nini?"

Nikacheka. "Waambie parokia zinaagiza nguo za misa mbali wakati mabinti wetu wapo. Lianzishwe darasa lake, watu waagize hapa."

Nilisema hivihivi, mikono ikiwa kwenye ungo. Jambo hilo nilikuwa naliwaza miaka. Sikujua ndilo linaloitwa lengo.

Kesho yake nikaingia. Kijana wa kamati akaniuliza, "Mama, miaka mitano ijayo unajiona wapi?" Nikajibu kwa moyo wote, "Mwanangu, nitakuwa pale Mungu atakaponiweka." Wakatazamana. Mmoja akasema, "Hata akikuweka nyumbani?" Wakacheka, na mimi nikacheka nao, kumbe najifunga mwenyewe.

Nafasi kapewa Oliva, kwa sababu ya lile darasa. Alikuja akapiga magoti analia. "Mama, nilidhani na wewe utawaambia hilohilo. Baki uwe msaidizi wangu, kukata nguo za misa sijui."

Simchukii. Kinachoniumiza ni sala yangu. Siku hizi nikianza, Bwana nionyeshe cha leo, naona aibu, naishia katikati. Rozari naishika tu. Najiuliza kama miaka yote nilikuwa naongozwa au nilikuwa nazurura.

Oliva anataka jibu wiki ijayo. Nikikubali, nitamwita mkuu mtoto niliyemsimamia ubatizo, na mabinti niliowafundisha wakiangalia. Nikikataa, darasa nililoliwaza miaka yote litaanza bila mtu anayelijua. Ninyi mliosoma na tusiosoma wenzangu, mngekuwa mimi mngeenda? Nishaurini, ila Oliva msimtukane.