Ripoti Iliyokuwa Kabatini kwa Baba

Mwaka wetu wa mwisho wa shahada ya uzamili, chuo kilitukabidhi mfuko wa uwekezaji. Haukuwa wa kuigiza. Fedha zilichangwa na wahitimu waliotutangulia, na sisi kumi na wawili, wenye suti za mitumba na vyeo vya kujipachika, ndio tulioamua hisa zipi zinunuliwe na zipi ziuzwe. Tulikutana Ijumaa jioni baada ya kazi, ghorofa ya saba katikati ya jiji, lifti ikiwa imeharibika kama kawaida yake.

Kanuni ya mwalimu ilikuwa moja: tukishapiga kura, hakuna kufungua mdomo nje ya darasa mpaka wakala wetu wa soko la hisa anunue au auze. Tuliipenda kanuni hiyo kupita kiasi. Ilitufanya tujione watu wazito.

Mimi nilipewa kampuni moja ya kusafirisha mizigo. Nilisoma ripoti yake ya mwaka mara tatu. Faida ilipendeza, lakini wateja hawakuwa wakilipa, na malori yalinunuliwa kwa mikopo. Nilisimama nikasema tuuze hisa zote. Mikono yote ikainuka.

Jumapili nilikwenda nyumbani Uthiru. Baba alikuwa amefanya biashara ya ng'ombe maisha yake yote, kwenye machinjio ya Dagoretti. Fahali alimpima kwa kumpapasa mgongoni tu, na mizani ilikuja kukubaliana naye. Alipostaafu alinunua hisa, kwa kuwa kila mtu alikuwa akinunua. Baada ya chai alifungua kabati akatoa bahasha. Ndani mlikuwa na ripoti ile ile, ya kampuni ile ile. Sikujua kwamba ana hisa huko.

"Kijana yangu, Kizungu ya hii kitabu imenishinda," akasema. "Pesa yangu ya uzee yote iko hapa. Hii kampuni iko sawa?"

Ripoti ile hutumwa kwa kila mwenye hisa. Haikuwa na siri. Kumsomea babangu kitabu alicholetewa yeye mwenyewe hakungevunja kanuni yoyote. Hilo nalijua leo. Siku ile nilikuwa mtu wa mfuko, na mtu wa mfuko hafungui mdomo.

"Ni mambo ya kawaida tu, Baba," nikamjibu, nikamrudishia.

Jumatatu wakala aliuza. Ningeweza kupiga simu saa hiyo hiyo, lakini ningelazimika kukiri kwamba jana yake nilimdanganya, nikaona haya. Nikajiambia nitamweleza Jumapili, ana kwa ana. Alhamisi kampuni ikatangaza hasara, bei ikaporomoka. Kesho yake darasani nilipigiwa makofi. Mwalimu alisema nina jicho la biashara.

Jumapili nilimkuta Baba ameshasikia redioni. Nilimweleza yote, kura na kanuni na ile simu ambayo sikupiga. Alinisikiliza mpaka mwisho, chai yake ikapoa. Hakukasirika, na mimi nilitamani sana akasirike.

"Wale watu huleta ng'ombe mgonjwa Dagoretti," akasema, "ukiwauliza, wanasema hivyo hivyo: ni mambo ya kawaida tu, ni kuchoka na safari. Lakini hao si mimi niliwazaa."