Mwanvua na Vyumba vya Watu

Pale mtaani Bwiza, kabla ya Mwanvua, mama yake Lubna, kazi hii ya kupangia watu vyumba haikuwa na jina. Seremala alileta kitanda, mshonaji akaleta pazia, mwenye nyumba akajipangia ovyo kama anapanga magunia. Kupangiwa nyumba yalikuwa mambo ya Wazungu. Mwanvua alianza na mapazia tu, lakini kila nyumba walimuuliza, "Na kabati tuliweke wapi?" Kumbe swali hilo ni kazi! Mwaka 1988 akaandika mlangoni kwake: Dekorasyo, yaani upambaji wa nyumba. Walimcheka weee, mpaka walimu na makarani walipoanza kupanga foleni.

Alikuwa na mtindo wake. Aliingia na utepe wa kupimia, akachora kila chumba daftarini: mlango huu, dirisha lile, baba analala hapa, watoto kule. Wakati wa amani, daftari hilo lilikuwa fahari yake.

Vita vikaja. Kufikia 1995 mitaa ilikuwa imegawanyika kwa makabila na watu wanauawa vitandani mwao. Ndipo Sébastien, mteja wake wa zamani, aliposimamisha gari mchana kweupe na kuomba kuazima daftari. Eti anatafuta mawazo ya sebule! Nani anapamba sebule mji ukiwaka? Mwanvua akasema hajui ameliweka wapi, arudi kesho.

Gari lilipoondoka tu, akalitia daftari kwenye makaa, akalikoroga mpaka likawa jivu. Miaka saba ya jasho! Alilia, lakini moyo ulimtulia kidogo, maana humo mlikuwa na nyumba ya Odette, mwalimu wa mtaa wa Cibitoke, mama wa watoto wanne. Majirani walishamwonya Odette kwamba jina lake linatajwatajwa na wauaji.

Kesho yake Sébastien akarudi. Aliambiwa daftari limepotea kabisa, na hakukasirika hata kidogo. Hilo ndilo lililomtisha Mwanvua. Mgeni akakaa, akanywa chai, akasifu mapazia.

"Mama Lubna, kweli we ni fundi," akasema. "Lakini kwa Odette ulikosea. Kumuwekea mutu kitanda chini ya dirisha la barabarani..."

"Apana!" Mwanvua aliruka. "Nani kasema? Mi siwezi kufanya ujinga ule! Nilimuweka chumba cha nyuma, kichwa kwenye ukuta wa jiko, na watoto karibu na mulango wa..."

Mdomo huu, jamani! Sifa za kazi zilikuwa zimemtoa akili, na maneno hayarudi.

Sébastien aliweka kikombe chini taratibu. Akashukuru kwa heshima, akaaga, akatoka.

Mwanvua akatoka mbio nyuma yake bila viatu, kitenge kikimfunguka, akiita, "Odette! Odette!" kana kwamba Cibitoke ingemsikia. Gari lilikuwa limeshakata kona.