Kiganja Mlangoni kwa Mama Mkwe

Siku hizi Msasa akifika ukweni huingilia mlango wa uani. Ule wa mbele hana uso wa kuutazama.

Ni fundi rangi, na mdomo anao. Kila mteja lazima asikie somo lake: alumini ikisuguliwa hujivika papo hapo utando mwembamba usioonekana, na rangi hung'ang'ania utando ule. Ukiugusa kwa mkono mtupu, mafuta ya ngozi yanatangulia na rangi inakosa pa kushika. "Mkono ukae mfukoni!" huwafokea watu.

Mlango wa mbele wa mama mkwe, nao wa alumini, aliupaka bure, kwa mbwembwe zote. Mvua za kwanza tu, rangi ikabanduka katikati na kuacha umbo la kiganja.

Msasa akapandisha hasira. Akamgeukia mkewe mbele ya mama yake mzazi. "Si nilikwambia usiguse? Wewe kusikia husikii! Umeniaibisha ukweni."

Mama mkwe akavaa miwani, akalitazama lile umbo, kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, hebu weka mkono wako hapa."

Kidole cha kati cha Msasa kilikatwa na mashine zamani, kikabaki nusu. Na pale mlangoni kidole cha kati kilikuwa nusu. Ndipo akakumbuka alivyoegemea palepale, kabla ya kupaka, akipokea chai aliyoletewa na mkewe.

Mkono hakuuweka. Aliutia mfukoni.