Fundi Pindo na Neno Lililomkimbia

Saa mbili asubuhi, tepu iko shingoni, chaki iko mkononi, na Fundi Pindo amepiga magoti akimpima dereva suruali mpya ya kazi.

"Hii ndefu," anasema. "Nakupunguzia mkono."

"Mkono, fundi? Huu ninaoshikia usukani?" Dereva anauficha mgongoni.

Kibanda kizima kinaangua kicheko, na fundi mwenyewe anacheka kuliko wote. Alikusudia mguu wa suruali. Chaki imeshachora mstari pale pale panapotakiwa.

"Ulimi hauna mfupa," dereva anamfariji.

Jina la Pindo alipewa na wateja kwa sababu mapindo yake hayafumuki. Mwaka jana alipata kiharusi akiwa anakata kitambaa. Mkono uliopooza ulipona mapema, ingawa kasi haikurudi yote. Maneno ndiyo yanarudi kwa mbinde. Zamani alimaliza magauni matatu kwa siku. Sasa ni moja, na hilo moja analiringia kama kawaida yake.

Hospitalini, mtaalamu wa usemi alimweleza jambo lililomtuliza. Ubongo, alisema, hautupi maneno ovyo kama mabaki ya vitambaa. Huyaweka pamoja yale yanayohusiana kwa maana: mkono karibu na mguu, uzi karibu na sindano. Ndiyo maana anayelikosa neno mara nyingi hukamata jirani yake.

"Nilidhani nimerukwa na akili," anasema polepole. "Kumbe nabisha hodi nyumba ya pili."

Tangu hapo, neno likimpotea huwaita majirani zake kwanza. Akitaka kifungo, utamsikia: "Shati... tundu... funga... kifungo!" Muuza viatu wa kibanda cha pembeni naye hupaza sauti kusaidia: "Soli! Kamba! Kisigino!"

"Hao ni ukoo wako, dada," Pindo humjibu. "Waache walale."

Lakini lipo neno moja ambalo hafanyi nalo mzaha. Binti yake wa pekee, ambaye hushona naye hapo kibandani, anaolewa mwezi ujao. Pindo, mama yake, ndiye atakayesimama ukumbini kumtambulisha. Na tangu augue, hajaweza kumwita "mwanangu" hata mara moja.

"Nimeshakuwa wifi, nimekuwa bibi, juzi nilikuwa babu," binti anasimulia akicheka. "Siku hizi nimetulia kwenye shangazi." Anainamia kazi yake kidogo. "Ila natamani kulisikia. Nikisema sijali nitakuwa muongo."

Mjomba amejitolea kusema kwa niaba ya dada yake. Pindo amekataa katakata.

"Uchungu alishikwa yeye?" anauliza. "Nitasimama mimi."

Kila mchana, wateja wakipungua, mama na binti hufanya mazoezi. Leo Pindo anaanzia mbali. "Mimba... uchungu... kunyonya... mgongoni..." Anafumba macho. "Mwa..."

Midomo inabaki wazi, jasho linamtoka. Binti anashindwa kuvumilia, anafungua kinywa ili ammalizie. Mama anamwekea kidole mdomoni.

"Shangazi," anaita.

"Abee, mama."

"Usinisaidie. Hilo nataka nilipate mwenyewe."