Jina la Ugonjwa wa Dada Mwanaidi

Nilikuwa bado mtoto wa kutumwatumwa, miaka tisa hivi, tukiishi Majengo, Pumwani, katika nyumba ya udongo ya bibi yangu iliyoezekwa kwa madebe. Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa hali ya hatari. Askari walikagua vipande vya utambulisho kila kona, na watu wazima walikuwa wamezoea kuongea chini chini. Labda ndiyo maana hofu nyingine nazo zilitukalia kwa urahisi.

Bibi alikuwa na onyo moja asilochoka kulirudia: usimwage maji ya moto uani bila kupiga bismillahi. "Wenzetu wana watoto wao pale chini," alisema. "Ukimchoma mtoto wao, watakuja kumchukua wako." Hakuwahi kuwaita majini. Alisema wenzetu, kana kwamba ni wapangaji wa chumba cha nyuma.

Jumamosi moja asubuhi, nikiwa na haraka ya kwenda kucheza, nilimwaga maji yaliyochemshiwa mihogo. Nilikumbuka bismillahi mvuke ulipokuwa umeshapanda. Nikaweka sufuria chini, nikakimbilia mchezoni.

Mchana wake dada yangu Mwanaidi alianguka pale pale uani.

Mwanaidi ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki. Alikuwa ameposwa na kijana wa Shauri Moyo, karani wa reli, na arusi ilibakiza wiki tatu. Sasa alikuwa amelala kifudifudi, ameikumbatia ardhi kwa mikono miwili kama mtu anayeogopa kudondoka kutoka juu yake. "Nishikeni! Nyumba inapinduka!" Akatapika. Bibi alipomwinua uso niliyaona macho yake: yalikimbilia upande mmoja na kurudi, yakakimbia tena na kurudi, wala si yeye aliyeyaendesha.

Bibi alirudi nyuma hatua moja. "Wameingia," alisema.

Siku tatu madirisha yalifungwa na ubani ukafukizwa. Mwanaidi aliletewa kombe, maji yaliyooshea aya zilizoandikwa kwenye sahani, akanywa, akalitapika, na wanawake wakatazamana. Kisha akaanza kulalamika kuwa sikio la kushoto linapiga mluzi usionyamaza.

"Wanamwita," Bibi alinong'ona.

Nilikaa miguuni pa dada yangu nikijua wamekuja kwa sababu ya nani. Sikuweza kula. Nilimtazama akishika kingo za kitanda na nikawa nahesabu pumzi zake.

Siku ya nne Bwana Wekesa alibisha hodi. Alikuwa mpangaji wetu, mtu wa Kakamega, dresa, yaani mfunga vidonda, kwenye zahanati. Alimulika macho ya Mwanaidi kwa tochi, akamnong'oneza sikio la kulia, halafu la kushoto. La kushoto halikusikia kitu.

"Mama," alimwambia Bibi, "huyu alikuwa na mafua?"

"Wiki nzima iliyopita."

"Basi hii ni labirinthaitisi. Ndani kabisa ya sikio kuna vijia vilivyopindapinda. Ndivyo vinavyomwambia mtu juu ni wapi na chini ni wapi. Vyake vimevimba. Vikinywea, dunia itatulia."

"Na hao wanaompigia mluzi?"

"Ni sikio lenyewe linalolia, mama."

Bibi aliongeza ubani chetezoni. Mimi nilimkimbilia Bwana Wekesa ukumbini, nikamwomba anitajie lile neno tena, polepole. Kisha nikamuuliza kama linaletwa na maji ya moto. Alichuchumaa mbele yangu. "Hapana, mwanangu. Ni mafua yaliyoingia sikioni." Nililia nimeegemea ukuta. Tangu hapo nililirudia neno lile kama sura niliyopewa niihifadhi.

Siku ya saba Mwanaidi aliweza kutembea akishika ukuta. Siku hiyo akaja Bi Zuhura, shangazi wa mchumba wake, na wanawake wawili. Walikaa mkekani, nami nikawapelekea chai.

"Tumesikia mwenetu amepandwa," alisema Bi Zuhura.

"Ni wenzetu tu," Bibi alijibu. "Fundi wa kupunga anakuja Alhamisi, watatoka."

Bi Zuhura akatikisa kichwa kwa upole. "Hakuna nyumba wasimo. Hata kwetu wapo. Tutangoja."

Hapo ndipo nilipofungua mdomo. "Si majini! Dada ana labirinthaitisi!"

"Ana nini?"

Nikalirudia, kwa fahari. "Bwana Wekesa wa zahanati kasema. Imevimba ndani ya kichwa."

Bi Zuhura aliweka kikombe chini. "Kumbe ni ugonjwa wa kichwa. Wa hospitali." Akanigeukia. "Unarithiwa na watoto?"

Sikujua. Nilisimama na sinia mkononi, na kimya changu kikawa ndilo jibu. Waliondoka chai haijafika nusu, na kabla ya Alhamisi posa ilikuwa imevunjwa.

Mwanaidi alipona. Baada ya mwezi alitembea wima, ila sikio la kushoto halikusikia tena. Fundi alikuja hata hivyo, na mpaka anakufa Bibi aliamini kuwa ndiye aliyemponya. Dada aliolewa miaka mingi baadaye, na mwanamume aliyefiwa na mke, mwenye watoto wanne.

Nilikuja kusomea uuguzi, nikalikuta neno lile kitabuni. Sikuona mahali palipotajwa urithi wala wazimu. Nilikwenda kwa Mwanaidi, nikakaa upande wake wa kulia, nikamwambia yote. Alinisikiliza akiendelea kuchambua mchele.

"Ungesema sikio tu," alisema, "wangeelewa."

Sikuthubutu kumuuliza kama alimpenda yule karani.

Hofu ya Bibi ilikuwa na ubani wake, fundi wake na Alhamisi yake. Watu walijua namna ya kukaa nayo. Niliwanyang'anya hiyo, nikawapa nyingine isiyo na chochote ila jina. Katika miaka yangu yote wodini, nilimwambia mgonjwa kwanza ni wapi penye ugonjwa, kwa nini, na kama patapona. Jina nililiacha mpaka aliulize mwenyewe, na wengi hawakuliuliza.