Stika Kwenye Paji la Pasta

Sijui ni akili gani ilinituma kuloweka stika kwenye beseni la kunawia. Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani hapa Mwingi, mwanaume mzima anayepaka rangi vigari vya plastiki, mfano wa magari ya mashindano. Stika zake hulowekwa maji ya vuguvugu hadi ziachane na karatasi, ndipo unazibandika kwenye mlango wa kigari. Moja ilikuwa tangazo la pombe, kama kwenye gari lenyewe.

Nikiwa bado nachanganya rangi, pasta akaingia. Alikuja kuniangalia kama nafaa kuwa mzee wa kanisa. Alipoona beseni akasema, "Asante, ndugu, hii vumbi imenimaliza." Akanawa mikono, akanawa na uso. Stika ile ya pombe ikamkaa katikati ya paji, chupa na povu lake.

Uzee wangu wote wa kanisa ulikuwa pale pajini. Akasema tuombe, akafumba macho. Nikanyoosha kidole polepole ili niibandue. Kabla hakijafika, jirani yangu Mama Kavata akatokea mlangoni.

"Aiya, pasta, fungua macho! Huyu amekubandika pombe kwa uso, sasa anataka kuitoa kabla useme amina!"